Nesi na Chama cha Waliochoka

Siku niliyomjua Nesi nililia mbele ya watu kumi na mmoja waliokuwa kwenye foleni ya sindano. Nilikwenda zahanati kumwombea mke wangu vitamini. Echata alikuwa hali, haogi mpaka abembelezwe, na kofia aliyokuwa akiidarizi ilikuwa imelala kapuni mwezi wa pili, sindano imechomekwa palepale alipoishia. Nikamweleza Nesi kwamba mke wangu ameishiwa nguvu, bila shaka damu imepungua. Akaniuliza anaamka saa ngapi, nikamjibu. Akaniuliza kama analia, nikamwambia afadhali angelia. Halafu akaweka kalamu chini, akanitazama.

"Na wewe, bwana? Nani anakuuliza hali?"

Hapo ndipo nilipoanza. Mtu mzima, karani wa posta, kofia kichwani. Nesi hakunipa pole. Aliwageukia wale wa foleni akawatangazia kwamba bwana huyu ameingiwa na vumbi jichoni, na asiyeamini atachomwa sindano kwa mkono wake wa kushoto. Watu wakacheka, na mimi nikajikuta nacheka huku kamasi zikinitoka. Vitamini sikupewa. Nilipewa ahadi kwamba atakuja kwetu baada ya sala ya alasiri.

Alikuwa mwanamke mfupi, mpana wa mabega, mwenye mwendo wa mtu aliyechelewa hata pale alipowahi. Juu ya gauni lake jeupe la kazi alijitanda shiromani, ile nguo nyekundu na nyeupe ya wanawake wa Nzuani, na pale Moroni ungemtambua kutoka mwisho wa kichochoro. Lafudhi yake ya Kinzuani iliwachekesha watu wa Badjanani, mtaa wetu wa Moroni, naye aliizidisha makusudi. Mimi nilikulia Unguja na nilirudi Ngazija pamoja na wengi wetu wakati kule kulipotushinda, kwa hiyo mimi naye tulizungumza Kiswahili. Alikijua vizuri. Alikijulia wapi, hilo sikupata kulithibitisha. Mara alisema aliolewa Mombasa kwa miezi sita na mume hakumfaa. Mara alisema alifunzwa uuguzi na watawa wa Bagamoyo. Siku moja alimwambia mama mkwe wangu kwamba alikisikia kwenye redio tu akakishika. Nilipomwuliza lipi kati ya hayo ni la kweli, alinijibu kwamba yote ni ya kweli ila hayakutokea.

Ilikuwa ndiyo miaka ya mwanzo ya mamluki. Wazungu wale waliingia kwa bahari, wakamwondoa rais mmoja na kumrudisha mwingine, na baada ya hapo gari zao zikawa zinapita barabara ya kwenda Itsandra kama gari za wenye nyumba. Tulijifunza kusema polepole. Tulijifunza pia kwamba watu wakikusanyika zaidi ya watano, yuko atakayeuliza kwa nini. Nayataja haya ili ieleweke kwamba Nesi alifanya kazi yake wakati ambao kimya kilionekana kuwa ndiyo busara, na yeye kimya hakukiweza.

Alasiri ile alipofika kwetu alianza na mama mkwe. Kwetu Ngazija nyumba ni ya mwanamke, na mimi mume ni mtu niliyekuja na begi langu. Mwenye amri alikuwa mama mkwe, na mama mkwe alikwisha kata shauri kwamba mwanawe ameingiliwa na jini. Fundi wa kusoma dua alikuwa amekuja mara tatu, na chumba bado kilinuka ubani. Mimi nilitegemea ugomvi. Nesi alimwamkia mama mkwe kwa salamu ndefu, akauliza hali ya ukoo mzima, akausifu ubani, kisha akasema fundi asiachwe.

"Dua iingie mlango wa mbele, Mama," alisema, "na dawa mlango wa nyuma. Zikikutana sebuleni hazitapigana."

Mama mkwe alifikiri kidogo, akamletea kiti. Nesi hakukikalia. Alikwenda kukaa chini kwenye mkeka, karibu na kitanda cha Echata, akakaa bila kusema neno kwa muda ulionitia wasiwasi. Baadaye nilikuja kujua kwamba hiyo ilikuwa desturi yake. Alisema mgonjwa wa huzuni huchoka kujibu kabla hajaulizwa, kwa hiyo lazima kwanza umwonyeshe kwamba hana la kujibu.

Alipoanza kusema, alisema na sisi sote kwa pamoja, Echata akisikia. Huu ni ugonjwa, alisema. Una jina, una dawa, una njia ya kuja na njia ya kuondoka. Si uvivu. Si upungufu wa imani, maana amewauguza mahujaji na wake za maimamu. Wala hauna maana kwamba binti huyu hampendi mama yake au mumewe. Nilimkatiza kumweleza mambo ambayo huenda ndiyo yaliyomharibu, ule mwaka ofisi zilipofungwa na watu wakafukuzwa kazi, msiba wa shangazi yake, na mtoto aliyeharibika tumboni. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Haya tutayarudia," akasema. "Nyumba inaungua, bwana. Kwanza tuzime. Aliyewasha kiberiti tutamtafuta baadaye, na huenda tusimpate."

Kisha akamgeukia Echata, akamwuliza kwa sauti ileile ambayo angeuliza bei ya ndizi. "Mwanangu, umewahi kutamani kufa?"

Mama mkwe alijifunika mdomo. Mimi nilitaka kumshika yule mwanamke mkono nimtoe nje. Neno kama hilo kwetu halitamkwi ndani ya nyumba, sembuse mbele ya mgonjwa. Echata alikuwa ameelekea ukutani. Hakugeuka.

"Kila siku," akasema. "Asubuhi zaidi."

Nimeishi na maneno hayo mawili matatu kwa miaka mingi, na bado nikiyakumbuka huhisi jinsi sakafu ilivyonitoka chini ya miguu. Nilikuwa nimelala kando yake miezi yote ile na sikujua. Nesi hakushtuka. Alimshukuru kwa kusema kweli, akamwuliza kama amefikiria namna ya kufanya, akasikiliza, akaitikia kwa kichwa kama mtu anayeelekezwa njia. Halafu akatupangia. Moinaecha, dada yake Echata, ahamie kwetu alale naye chumba kimoja. Mimi nishike asubuhi, kwa kuwa asubuhi ndiyo mbaya, na posta niende saa mbili badala ya saa moja. Dawa yoyote itakayoandikwa akae nayo mama mkwe, aifunge kwenye pindo la leso yake. Kesho yeye mwenyewe atampeleka Echata kwa daktari.

Kichochoroni, nilipomsindikiza, nilimwambia kwa hasira kwamba angeweza kumtia mke wangu wazo baya. Alisimama.

"Wazo hilo halitiwi kwa kuulizwa," alisema. "Lilikuwamo, nalo lilikuwa peke yake naye. Sasa tuko watano."

Daktari aliandika vidonge. Baada ya siku nane mama mkwe alikwenda mwenyewe zahanati kumwambia Nesi kwamba dawa yake ni ya uongo, mtoto yuko vilevile, na juu ya hayo midomo imemkauka. Nesi alimwuliza kama amewahi kupanda papai. Mama mkwe akasema amepanda mengi. Nesi akamwuliza kama alipanda Jumatatu akala Ijumaa. Waliachana pale marafiki, na kwa wiki tano zilizofuata mama mkwe alikuwa akimwambia kila jirani aliyeuliza, kwa sauti ya mtu aliyesomea, kwamba vidonge hivi vina mizizi.

Lakini kilichomtoa Echata kitandani mara ya kwanza hakikuwa kidonge. Ilikuwa kofia mbaya. Nesi alikuja siku moja amebeba kofia aliyoanza kuidarizi mwenyewe, akakaa pembeni mwa Echata, akaendelea kushona. Wanaojua kofia za Ngazija wanajua kwamba uzuri wake wote uko kwenye vitundu, jinsi vinavyolingana na jinsi uzi unavyovizunguka. Vitundu vya Nesi vilikuwa kama vilivyoliwa na panya. Kimoja kikubwa, kimoja kimefumba, vingine vimepandana. Alishona nusu saa, akijisifu. Echata alikuwa akimtazama kwa pembe ya jicho. Mwishowe akaunyosha mkono, akaichukua ile kofia, akafumua kitundu kimoja, akakishona upya. Kimoja tu. Kisha akalala.

Mimi na mama mkwe tulisimama mlangoni tumeshikana mikono, jambo ambalo mkwe na mkwewe hawafanyi. Nesi alituonya kwa macho tusiseme kitu. Kesho yake Echata alishona vitundu viwili. Keshokutwa yake hakushona hata kimoja, na mimi nikavunjika moyo, na Nesi akaniambia kwamba mtu anayepanda ngazi akipumzika hajashuka. Mwezi huo sote tulimsifu Nesi kwa hila ile ya busara, kujifanya hajui kushona. Ilipita miaka miwili ndipo Moinaecha alipogundua kwamba haikuwa hila. Nesi hakujua kushona kabisa, na aliamini kwa dhati kwamba kofia ile ilikuwa inapendeza. Aliudhika kidogo aliposikia.

Kuna neno moja ambalo hakulivumilia, nalo ni "jikaze". Alisema amelisikia likiwaponda watu kuliko mawe. Mwenye huzuni ya namna hii, alisema, amekwisha jikaza mpaka amepasuka. Wewe ukimwambia ajikaze unamwambia kwamba hukuona. Mwambie nipo. Mwambie twende tukakae nje dakika tano. Mwambie chai hii hapa, usipoitaka nitainywa mimi. Kwenye baraza lake aliyelitamka neno hilo alihukumiwa kuimba wimbo wa harusi peke yake, amesimama, mwanzo hadi mwisho. Mama mkwe wangu, aliyekuwa mwimbaji hodari ujanani, alikuwa na sauti ambayo haikuwa na pa kwenda tena. Nadhani ni yeye tu aliyelitamka neno lile mara sita, na kwa makusudi.

Baraza hilo lilikuwa kila Alhamisi, uani kwa Nesi, nyuma ya Msikiti wa Ijumaa wa zamani. Aliliita Chama cha Waliochoka. Hawakuja wagonjwa, tulikuja tunaowauguza. Alituita mmoja mmoja, kila mtu akidhani ni yeye peke yake anayeitwa, na Alhamisi ya kwanza nilipoingia uani niliona watu ambao nilikuwa nikiwauzia stempu miaka yote bila kujua kwamba nyumbani kwao kuna chumba kilichofungwa madirisha kama changu. Mmoja alikuwa mzee wa Itsandra aliyemwuguza mdogo wake. Mwingine alikuwa mwalimu ambaye mkewe alianza kuumwa baada ya kujifungua. Tulitazamana kwa aibu, kisha mzee wa Itsandra akasema, "Kumbe na nyinyi!" na uani kukajaa kicheko kama mji uliofunguliwa mlango.

Pale tulifundishwa mambo. Jinsi ya kujua kwamba ugonjwa unarudi kabla haujafika: usingizi kubadilika, sahani kurudi jikoni nzima, mtu kuanza kuomba radhi kwa kila kitu. Jinsi ya kugawana zamu ili asiwepo mmoja anayebeba yote. Kwamba ukimkasirikia mgonjwa wako si dhambi, ila toka nje kwanza ukakasirikie ukuta. Kwamba mwenye kuuguza naye alale, ale, aende harusini, acheke bila kuhisi kwamba ameiba. Hili la mwisho ndilo lililotupa taabu zaidi, na Nesi aliliwekea mazoezi. Kila Alhamisi mtu mmoja aliamriwa asimulie jambo la kuchekesha lililotokea chumbani kwa mgonjwa, na mwanzoni tuliogopa, baadaye tuligombea zamu.

Siku moja alikuja sajini. Alikuwa mtu wa hapahapa Ngazija, mtu mzima mwenye mvi, lakini nguo alizovaa zilikuwa za walinzi waliokuwa chini ya wale wazungu, na viatu vyake vilisikika tangu kichochoroni. Yuko aliyepeleka habari kwamba uani kwa Nesi kuna mkutano. Sajini akasimama mlangoni akauliza mwenyekiti ni nani.

"Aliyechoka zaidi," Nesi akamjibu. "Leo ni mwalimu."

Sajini hakucheka. Alitaka orodha ya majina. Nesi akamwambia hapa hapaandikwi jina la mtu, na kama ni lazima apeleke majina ya watu tisa tuliokuwapo basi aandike la kwake mara tisa, kwa kuwa yeye ndiye anayesema zaidi. Watu walikuwa wamewahi kupotea kwa maneno machache kuliko hayo. Kisha Nesi akaona jinsi yule bwana alivyoitazama birika, akamwambia akae, chai ipo, na asikilize mwenyewe kama kuna siasa. Akakaa, bunduki mapajani.

Zamu ilikuwa ya mzee wa Itsandra. Alisema kwamba kwa mwaka mzima amekuwa akimwogesha mdogo wake, na mdogo wake hasemi lolote, kama anaogesha mlango. Basi jana alimmwagia maji, na mdogo wake akafumbua kinywa akasema maji haya ni baridi, huna akili? Sote tukapiga makofi. Mwalimu aliinuka akamkumbatia mzee.

Sajini alishangaa. Aliuliza kwa nini tunamshangilia mtu aliyetukanwa. Nesi akamweleza kwamba anayelalamika kuna kitu anachokitaka, na anayetaka kitu yuko njiani kurudi. Sajini akaizungusha bilauri yake ya chai mkononi.

"Na yule asiyelalamika kabisa?" akauliza.

Nesi alisogeza kigoda chake. "Ni nani, baba?"

"Kaka yangu."

Alhamisi iliyofuata alikuja amevaa kanzu, na bunduki hatukuiona tena. Habari tulizozipata baadaye ni kwamba aliandika kwa wakubwa wake kuwa kikao kile ni cha mafunzo ya upishi. Nesi alisema si vizuri mtu mwema kuandika uongo kwa sababu yetu, kwa hiyo kuanzia hapo ilikuwa lazima kila Alhamisi mmoja wetu alete chakula na aeleze kilivyopikwa. Hivyo ndivyo mimi, karani wa posta, nilivyojifunza kupika mkate wa sinia, na mpaka leo nyumbani kwangu ni mimi ninayeupika.

Watu wakisikia habari zake hudhani alikuwa mtulivu kama maji ya mtungi. Hakuwa. Alitufundisha subira, na yeye hakuweza kungoja chai ipoe. Aliunguza ulimi kila siku. Aliwachoma watu sindano miaka yote, na siku ilipobidi achomwe yeye alizimia, akaanguka juu ya daktari. Kwenye karata aliiba bila haya, na ukimshika alisema anakupima macho. Umbea wote wa Badjanani ulikuwa kwake, nani amemposa nani, nani amerudi kutoka Ufaransa na sanduku tupu, naye aliugawa kama karamu. Lakini la mgonjwa halikupata kutoka kinywani mwake. Mama mkwe alimjaribu mara nyingi, kwa sambusa na kwa ujanja, ili amfunulie ni mke wa imamu yupi aliyepata kuumwa kama Echata. Nesi alikula sambusa zote, na jina hakulitaja.

Na alitwambia tupumzike, na yeye hakupumzika. Hilo tuliliona, tukalifanyia mzaha, na hatukulichukulia kwa uzito. Sasa najua tungefanya vyema kulichukulia kwa uzito.

Echata alipona, lakini si kwa mstari ulionyooka. Mwaka wa pili, alipojiona mzima, aliacha vidonge bila kumwambia mtu, na ulipofika mwezi wa Ramadhani alikuwa amerudi kitandani, uso ukutani. Safari hii tulizijua dalili. Moinaecha aliziona siku ya tatu, akanifuata posta. Nilimwendea Nesi kama mwanafunzi aliyeanguka mtihani. Nilidhani atakasirika. Aliniuliza tu tumeona nini na lini, nilipomweleza akanipiga bega kwa furaha. Mara ya kwanza mliona baada ya miezi miwili, alisema, sasa mmeona baada ya siku tatu, mnataka nini tena? Akampeleka Echata kwa daktari, vidonge vikarudi, kimoja wakati wa kufuturu na kimoja wakati wa daku. Sikukuu ile Echata alivaa nguo mpya. Mwaka uliofuata kofia aliyoidarizi yeye ilivaliwa na bwana harusi katika ndoa kubwa iliyofanya mji mzima usilale siku tisa, na Nesi alicheza ngoma ya wanawake mpaka kiatu chake kikapotea.

Alipohamishiwa kazi kwao Mutsamudu, kule Nzuani, Chama kizima kilipanga kumsindikiza bandarini. Tulishona sare. Mama mkwe alitunga wimbo. Tulipofika tukaambiwa kwamba yule mama mwenye shiromani aliondoka jana. Hakupenda kuagwa. Tukaimba palepale, tukiiimbia boti ya watu wengine, na abiria wakatushukuru sana.

Miaka ikapita. Mamluki walikuwa bado wapo, ingawa kwa wakati ule watu walishaanza kusema kwa sauti ya kawaida. Siku moja barua iliingia dirishani kwangu posta. Ilikuwa imeandikwa na mpwa wake Nesi, binti aitwaye Sitina, aliyekuwa akiishi naye. Alisema shangazi ameacha kazi, hatoki chumbani, hali, hataki kumwona mtu, na katika makaratasi yake amekuta jina langu. Nilimsomea Echata. Alifungua sanduku akaanza kukunja nguo zake na zangu.

Mutsamudu ni mji wa vichochoro kama Badjanani, ila kule kuta zimesimama karibu zaidi, na karafuu zilizoanikwa zinanuka mpaka ndani ya nyumba. Sitina alitupokea mlangoni, macho mekundu. Nesi alikuwa kitandani. Mabega yale mapana yalikuwa yamepungua kama nguo iliyofuliwa mara nyingi. Aliponiona mimi alifumba macho. Alipomwona Echata alisema, kwa Kiswahili ambacho Echata alikizoea kwangu, ili Sitina asielewe, "Mmekuja kuniona nilivyo mwongo."

"Hata mng'oa meno huoza jino, Nesi," Echata akamwambia. Akavua viatu, akapanda kitandani, akakaa naye.

Tulikaa Mutsamudu siku ishirini. Sijapata kuona mgonjwa mbaya kama yule. Alimpinga daktari kuhusu kipimo cha dawa na mwandiko wake. Aliikataa chai ya Sitina kwamba ni nyepesi, akaikataa ya Echata kwamba ni nzito. Echata alipomwuliza swali lile gumu, moja kwa moja, alilalamika kwamba ameliuliza haraka mno, hakumpa nafasi ya kukaa, kisha akalijibu. Alikuwa amefikiri, alisema. Kwa miezi. Hakujua amwambie nani, kwa sababu kila mtu alikuwa akimwambia yeye. Sitina alilia jikoni, nami nikakaa naye huko, nikamweleza habari za ugonjwa huu kadiri nilivyojua, na zamu, na usingizi, na kwamba na yeye ale. Echata aliongea na shangazi wawili wa Sitina wa mtaa wa pili, wakakubali kushika Jumanne na Ijumaa.

Siku ya kumi na nane Nesi alisema anataka samaki, na samaki wa Mutsamudu hawafai, wanaofaa ni wa mji wa jirani, Mirontsy. Tulijua anatafuta kisingizio cha kutokwenda, kwa kuwa Mirontsy ni mbali kidogo kwa mtu ambaye hajatoka nje. Echata akamwambia haya, twende. Tukaenda, tukipumzika kila penye kivuli.

Muuza samaki alikuwa mwanamke mwenye sauti. Alipomwona Nesi aliacha kisu juu ya samaki.

"Ulipotelea wapi wewe? Wametuambia umekwenda Ufaransa."

Sitina alifungua mdomo haraka aseme ni homa. Nilimwona. Wanunuzi walikuwa wamesimama sita au saba, wote watu wa mji, wote wanaomjua.

"Sikwenda popote," Nesi akasema. "Nilishikwa na ugonjwa wa huzuni. Nimelala ndani miezi minne. Leo ndiyo mara ya kwanza kutoka."

Alisema kwa sauti ya kawaida, bila kuipunguza. Mtu mmoja akakohoa. Mwingine akaanza kuangalia samaki aliokwisha waangalia. Muuza samaki alijifuta mikono kwenye leso yake, polepole, kidole kwa kidole, kisha akainama mbele.

"Ule wa kulala tu?" akauliza. "Hata kuchana nywele hutaki?"

"Huohuo."

Mwanamke yule akatazama kushoto na kulia. Halafu akasema kwamba binti yake yuko hivyo tangu mwezi mtukufu, na wao wamekuwa wakiwaambia watu kwamba yuko Mayotte.

Nesi alipindua ndoo tupu, akaikalia. Sitina alininong'oneza kwamba shangazi atachoka, tumrudishe. Echata akamshika mkono akamwambia amwache. Jua lilipanda mpaka vivuli vikaingia chini ya miguu yetu, na wale wawili walikuwa bado wanazungumza, vichwa vimekaribiana juu ya beseni, na mara mbili niliwasikia wakicheka. Mmoja wa wale wanunuzi alirudi, akasimama karibu, akajifanya anachagua.

Samaki tuliyemnunua aliharibika kabla hatujafika nyumbani. Mchana ule tulikula ndizi za nazi. Mimi sahani moja, Echata na Sitina mojamoja, na Nesi sahani tatu.